Ndugu yetu anataka bunduki: tuliyoulizana Nyakanazi kabla ya kuandika barua

 

Siku chache baada ya Idi ya Kuchinja, waumini walipokuwa wakitawanyika baada ya Swala ya Maghribi, ndugu yetu mmoja alibaki ukumbini akisubiri kamati ya msikiti. Ni mtu tunayemfahamu vyema. Ana umri wa miaka arobaini na moja, hununua mahindi na maharage vijijini na kuyauza kwa wenye malori yanayopita hapa kwetu Nyakanazi, na hana deni la mtu analolikimbia. Tulidhani amekuja kwa ajili ya mchango wa paa la madrasa. Akasema, "Masheikh, naomba barua ya utambulisho. Nataka kuomba leseni ya kumiliki bunduki."

Mwenyekiti akamuuliza kama ametishiwa na mtu. Akajibu hapana. Akaulizwa kama nyani na nguruwe wamemaliza shamba lake. Akasema shamba lake halina tatizo kubwa. Kisha akatamka neno ambalo sote lilitukuta bila jibu: "Sina adui, Alhamdulillah. Napenda tu kuwinda. Tangu utoto nimetamani, na sasa Mwenyezi Mungu amenipa uwezo."

Kamati yetu imekwisha kuandika barua nyingi: za ndoa, za wanafunzi, za wagonjwa wanaohitaji msaada. Barua ya bunduki hatukuwahi kuombwa. Tukamwambia atupe wiki moja. Kabla ya wiki hiyo kwisha, mke wake alituletea ujumbe kupitia kina mama wa darsa la Alhamisi: "Waambieni masheikh wasiandike kitu kabla hawajaniuliza mimi."

Tunayaandika haya kwa ruhusa ya wote wawili, bila kutaja majina yao, kwa kuwa tunaamini suala hili litaingia katika nyumba nyingine za Waislamu, ikiwa halijaingia tayari.

Mji unaoujua mlio wa risasi

Msomaji aliye mbali huenda asielewe kwa nini neno bunduki lilitunyamazisha. Nyakanazi ni njia panda. Barabara moja inakwenda Runzewe na Kahama, nyingine inapitia Lusahunga kuelekea Biharamulo na Ngara hadi mpaka wa Rusumo, na ya tatu inashuka Kakonko na Kibondo kwenda Kigoma. Mizigo ya Rwanda na Burundi inapita mlangoni kwetu. Neema hiyo ilikuja pamoja na mtihani wake.

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara wakikimbia kutoka Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Wengi wao walikuwa wazee, wanawake na watoto wasio na chochote. Lakini vita vya majirani zetu, vya Rwanda na vya Burundi, vilimwaga pia silaha mikononi mwa watu, na baadhi ya silaha hizo ziliishia kwa wanyang'anyi wa barabarani. Kwa miaka mingi mabasi ya njia hizi yalikusanywa na kupita misituni kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Mjumbe mmoja wa kamati yetu aliwahi kulazwa kifudifudi kwenye lami pamoja na abiria wenzake, mtutu ukiwa kisogoni. Alipolisikia ombi la ndugu yetu hakuchangia neno. Aliomba udhuru, akaenda kutia udhu upya.

Kwa hiyo mtoto wa Nyakanazi anaposikia mlio wa risasi, wazazi wake hawafikirii michezo. Huo ndio uzito wa ombi lililoletwa mbele yetu.

Kosa letu la zamani

Kabla ya kumhukumu ndugu yetu ilitubidi tujihukumu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika nyumba ya muumini mmoja wa jamaa yetu, kulikuwa na gobore lililorithiwa kwa babu. Lilining'inia juu ya mlango wa chumba cha ndani. Sisi wa kamati tulikuwa tukifika pale kwa hitma na harusi, tukiliona, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama lina kibali. Tuliliita kumbukumbu ya mzee. Siku moja vijana wawili wa nyumba ile walilishusha wakichezea baruti iliyosahauliwa ndani. Mdogo alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Anapokuja msikitini leo na kunyanyua mikono kwa takbiri, tunaviona vidole visivyokuwapo, na tunajua kwamba ukimya wetu una sehemu katika jambo lile.

Ndiyo maana safari hii tuliamua kuuliza maswali yote, hata yale yanayoonekana kuwa ya kuingilia nyumba ya mtu.

Bunduki haikuja jana

Tulianza kwa kujikumbusha kwamba silaha hizi ni za zamani katika nchi yetu. Magobore yalipanda kutoka pwani na misafara ya biashara katika karne ya 19, yakafika Unyanyembe na kusambaa hadi nchi za Maziwa. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliujenga utawala wake kwa vikosi vya rugaruga wenye bunduki. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia biashara ya utumwa na pia kudhibiti uingizaji wa bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika. Wakoloni hawakuwa wakituhurumia sisi. Walitaka wabaki wao peke yao na bunduki nzuri.

Sheria za leo zina sababu nyingine. Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu, Pembe ya Afrika na majirani zao, Tanzania ikiwamo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogondogo, baada ya kuona zilivyoteketeza watu wao. Nchini kwetu ikatungwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Mwaka 2016 wamiliki nchini kote walitakiwa kupeleka silaha zao polisi zikahakikiwe.

Yampasayo mwombaji ni haya kwa ufupi. Awe ametimiza umri wa miaka 25, awe na akili timamu na asiwe na rekodi ya uhalifu. Aeleze sababu ya kutaka silaha. Apate mafunzo na athibitishwe kwamba anaweza kuitumia kwa usalama. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, yakapita kata, polisi na kamati za usalama za wilaya na mkoa, mpaka kufika kwa msajili wa silaha. Kila hatua ina haki ya kukataa. Na leseni ikitoka ni ya mtu mmoja kwa silaha moja inayojulikana kwa namba yake. Haiazimwi kwa shemeji, haikodishwi kwa rafiki, na ikipotea au kuibiwa polisi waarifiwe mara moja.

Tena leseni ya bunduki si ruhusa ya kuwinda. Uwindaji una kibali chake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, chenye kutaja mnyama, mahali na msimu. Ndugu yetu alikuwa akiota mapori ya Biharamulo na Burigi, aliyosimuliwa na baba yake. Tukamkumbusha kwamba tangu mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yameunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitakwenda mbali, lakini nitakwenda kwa kibali." Jibu lile lilitupendeza.

Dini inasemaje?

Baadhi ya wajumbe walitaka tumkatalie kwa hoja kwamba Muislamu hana haja na bunduki ya starehe. Dini yetu haisemi hivyo kwa wepesi huo. Uwindaji wa nchi kavu umehalalishwa katika Suratul Maida kwa asiyekuwa katika ihramu. Mtume (SAW) aliwahimiza maswahaba kujifunza kulenga shabaha, na katika hadithi ya Uqba bin Amir iliyopokewa na Imam Muslim aliifasiri nguvu kuwa ni kurusha. Mchezo wa kulenga ni katika michezo michache iliyosifiwa.

Wala umri wa utu uzima haumzuii mtu kuanza. Sheikh Ahmed Al Maktoum wa Umoja wa Falme za Kiarabu alikuwa mchezaji wa skwoshi. Akaanza kulenga visahani kwa shotigani akiwa mtu mzima, na mwaka 2004 mjini Athens akaipatia nchi yake medali ya kwanza katika historia yake ya Olimpiki, nayo ikawa ya dhahabu. Na anayetaka kulenga bila baruti anao upinde. Jirani yetu Kenya ilipeleka Rio de Janeiro mwaka 2016 mlenga mishale, Shehzana Anwar, naye akapewa bendera ya nchi aibebe.

Hata hivyo ruhusa hii ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu zaidi. Mtume (SAW) alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya kuchezea. Ameonya juu ya kumuua ndege bure bila manufaa, kwamba ndege huyo atamshtaki muuaji wake Siku ya Kiyama. Mwenye kuwinda ili ale na alishe, yuko katika halali. Mwenye kuua ili ahesabu mizoga, ajitazame upya.

Kuhusu nyama yenyewe, wazee wetu wawili walitaka kujua kama kilichouawa kwa risasi ni halali au ni kibudu. Swali hili lina historia ndefu, na lugha yetu inaihifadhi. Katika vitabu vya fiqhi, bunduk ni kidonge cha udongo kilichokuwa kikirushwa kwa upinde, na wanazuoni walikikataza kwa kuwa huua kwa kuponda, si kwa kutoboa. Msingi wao ni jibu alilopewa sahaba Adiy bin Hatim: kilichochomwa kwa ncha huliwa, kilichopigwa kwa ubavu wa fimbo hakiliwi. Bunduki za risasi zilipoenea, wanazuoni waliichunguza hukumu upya. Imam Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, aliona kwamba risasi hutoboa na kupenya, kwa hiyo windo lake ni halali ikiwa mpigaji amelitaja jina la Allah wakati wa kufyatua. Wanazuoni wengi wa baadaye wamelifuata rai hiyo. Aliyemkuta mnyama angali hai ni lazima amchinje. Aliyempiga ndege akaangukia majini akafa humo, amwache, kwani haijulikani kilichomuua. Ndugu yetu alikuwa akiyasikia haya kwa mara ya kwanza. Alikuwa anajua bei ya shotigani na marisau yake, lakini hakujua kwamba ulimi wake nao una kazi kabla ya kidole chake.

Kisha tukamsomea adabu za silaha. Mtume (SAW) aliamuru mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake asije akamjeruhi Muislamu. Alikataza upanga kukabidhiwa mtu ukiwa wazi nje ya ala. Alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, hata ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, hata kwa mzaha, kwani huenda shetani akauvuta mkono wake. Mafunzo ya leo ya silaha yanasema hivyohivyo: ichukulie kila bunduki kana kwamba imejaa, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichokusudia kukipiga, usikiweke kidole kwenye kifyatulio kabla ya wakati. Aliyeyashika mafundisho ya Mtume wake atayakuta mafunzo ya polisi ni mepesi.

Maswali matatu ya mke

Baada ya hapo tukawaita wote wawili, na mzee wa pande zote mbili akawapo. Mke alikaa pembeni, akafunika vizuri mtandio wake, akasema kwa sauti ya chini iliyosikika na kila mtu.

"Masheikh, mume wangu ni mtu mwema, simshitaki. Nina maswali matatu tu. La kwanza, watoto wangu wanne watalala wapi na chuma hicho kitalala wapi? La pili, siku tutakapogombana, na watu wa nyumba moja hawakosi kugombana, nitajuaje kwamba hakiko kati yetu? La tatu, akifa leo, mimi mjane nitakifanyia nini?"

Tunakiri kwamba hakuna mjumbe aliyekuwa ameyafikiria maswali hayo kwa mpangilio ule.

La kwanza lilijibika. Silaha hukaa ndani ya sanduku la chuma lililofungiwa ukutani, imetolewa risasi, na risasi hufungiwa mahali pengine. Ufunguo ni wa mwenye leseni peke yake. Mtoto asidanganywe kwamba hakuna kitu, kwa kuwa mtoto hukitafuta kilichofichwa. Aambiwe ukweli, na afundishwe kwamba akiiona silaha popote asiguse, aondoke, amwite mkubwa.

La tatu nalo lina jibu, ingawa wengi hawalijui. Bunduki ina thamani, kwa hiyo ni katika mali ya mirathi. Lakini leseni hairithiwi. Mwenyewe akifariki, warithi wanapaswa kuiarifu na kuikabidhi polisi haraka. Anayetaka kubaki nayo aombe kibali kwa jina lake kama mwombaji mwingine yeyote. Hapatikani, iuzwe kwa njia ya kisheria kwa mwenye kibali, na thamani yake igawanywe kwa hisa alizoziweka Allah. Kuiacha juu ya mlango ikawa kumbukumbu ya babu, hilo tumekwisha kuliona matokeo yake. Tukamshauri mume aliandike jambo hili katika wasia wake waziwazi.

Lililobaki ni la pili, na kwa hilo hatukuwa na kitabu cha kumfungulia. Mume alikaa akiitazama zulia kwa muda. Kisha akasema, "Mama watoto, siku ukiniona nimebadilika, hata kwa mwezi mmoja, nenda kwa Sheikh au polisi useme. Sitakuuliza kwa nini umesema. Nayasema mbele ya mashahidi." Mke akamtazama, akasema, "Na wewe usingoje mpaka mimi niseme. Ukijiona, irudishe mwenyewe." Akaitikia. Mzee wa upande wa mke akaomba maneno hayo yaandikwe, nasi tukayaandika, wote wakatia saini.

Barua tuliyoiandika

Barua tuliitoa wiki ya tatu. Hatukuandika kwamba ndugu yetu anastahili bunduki, kwa sababu kupima hilo ni kazi ya vyombo vilivyopewa mamlaka. Tuliandika tunayoyajua: kwamba anaswali nasi, kwamba hatujamwona amelewa wala kuinua mkono wake juu ya mtu, kwamba mkewe amesikilizwa na ameridhia kwa masharti, na kwamba tukipata habari tofauti tutazipeleka kwa mamlaka bila kumwonea haya. Sentensi hii ya mwisho alitaka kuiondoa. Tukamwambia barua ni hiyo au hakuna barua. Akaichukua.

Maombi yake bado yanapita ngazi zake. Huenda akapewa, huenda akakataliwa, na amesema yote mawili atayapokea. Sanduku la chuma amekwisha kulitengenezesha kwa fundi na kulijengea ukutani. Kwa sasa mkewe anahifadhi humo vyeti vya shule vya watoto, na ufunguo anao yeye.

Kamati nayo imejiwekea utaratibu. Hatutaandika barua ya silaha kwa mtu yeyote kabla ya kuwasikiliza watu wa nyumbani kwake, mke au mume, na wazazi kama wapo. Na kwa yeyote mwenye gobore la urithi lisilo na kibali, tumetangaza baada ya Ijumaa tatu mfululizo kwamba tuko tayari kufuatana naye hadi kituoni kulisalimisha. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, na kipindi kama hicho kikitangazwa, ndugu yangu, usikiache kipite. Mpaka sasa amejitokeza mmoja. Alikuja usiku, akiwa ameongozana na mtoto wake wa kiume, na tulikwenda naye asubuhi iliyofuata.

Twamwomba Allah azilinde nyumba zetu na watoto wetu, na atujaalie kuuliza mapema yale tuliyozoea kuyajutia baadaye. Wabillahi tawfiq.